Mzigo wa Neno Moja: Kariakoo, Keria na Chaji

Desturi ya kamusi zetu, pale zinapotaja asili ya neno lililotoka ugenini, ni kuandika kifupisho cha lugha lilikotoka na kuliacha hapo. Msomaji akiona ya kuwa neno fulani ni la Kiarabu, au la Kihindi, au la Kiingereza, hudhani kwamba ameonyeshwa asili yake. Kwa kweli ameonyeshwa mlango tu ambao neno lilipitia. Hakuambiwa lilitoka wapi kabla ya kuufikia mlango huo, wala liliingia wakati gani, wala ni watu gani waliolipokea na kwa haja gani. Katika makala haya nakusudia kuonyesha upungufu wa desturi hiyo kwa kulifuata neno moja la Kiingereza, neno la kila siku ambalo Mwingereza hafikirii hata kulitafuta katika kamusi yake, yaani "carry", pamoja na jamaa zake. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, jamaa hii ya maneno imeingia katika Kiswahili mara kadhaa, kila mara kwa mlango wake na kwa sura yake, hata msemaji hawezi kutambua kwamba ni jamaa moja. Pili, moja katika sura hizo limekuwa jina la mahali, na jina hilo limebeba habari ambayo kwa hesabu ya kamusi zetu haipo.

Mtu akisimama Magomeni Mapipa asubuhi, kando ya Barabara ya Morogoro, ataona mifano yote ya maneno nitakayoyataja ikipita mbele yake. Ataona baiskeli zenye trei za mayai au magunia ya mkaa yaliyofungwa juu ya keria. Ataona kibanda ambapo watu huacha simu zao zichajiwe. Ataona magari madogo ya mizigo yakiteremka bonde la Jangwani, yakivuka mto Msimbazi, kwenda Kariakoo. Hata majina ya njia hiyo fupi ni somo kwa mwanafunzi wa lugha. Magomeni, kwa sura yake, ni magome na kiambishi cha mahali. Jangwani ni jangwa na kiambishi hicho hicho. Mapipa ni wingi wa pipa, neno tulilolipata kwa Wareno. Kariakoo ni Kiingereza. Msemaji hutaja majina yote manne kwa pumzi moja, wala halimkwami hata moja.

Na tuanze mbali. Warumi walipopigana na Wagalia, watu wa nchi ambayo leo ni Ufaransa, waliona kwao gari la magurudumu manne, wakalichukua pamoja na jina lake, wakaliita "carrus". Kwa hiyo hata Kilatini, ambacho wengi hukidhania kuwa chemchemi ya mwisho, hapa ni mkopaji tu. Kutokana na jina hilo Kilatini cha baadaye kilifanya kitenzi "carricare", maana yake kupakia gari. Kitenzi hicho kikagawanyika njiani. Katika Kifaransa cha watu wa Normandia, upande wa kaskazini, sauti ya mwanzo ilibaki "ka". Katika Kifaransa cha kati ikageuka "cha". Wanormandi walipoitawala Uingereza tangu mwaka 1066, Kiingereza kilipokea sura ya kaskazini, na baadaye sura ya kati pia, bila kutupa hata moja. Sura ya kwanza ndiyo "carry", kubeba. Ya pili ndiyo "charge". Wahispania nao walikuwa na sura yao, ambayo Waingereza waliichukua katika karne ya 17 kuwa "cargo", shehena ya meli. Hata "car", gari, limetoka katika shina hilo. Basi Mwingereza anapotamka maneno haya manne anatamka neno moja mara nne, wala hajui.

Katika hayo, neno lenye maana nyingi kuliko yote ni "charge", na maana zake zafaa kupangwa, kwa sababu zikiachwa bila mpango huonekana kama mkusanyiko wa bahati. Kwanza ni kupakia gari mzigo. Mzigo huo ukawa wa mtu badala ya gari: mtu akapewa mzigo wa kazi, ndipo tunapata maana ya kusimamia au kuwa na dhamana. Akapewa mzigo wa malipo, ndipo maana ya kutoza. Akapewa mzigo wa kosa, ndipo maana ya kushtaki. Upande mwingine, bunduki ilipakiwa baruti, jambo ambalo wazee wetu waliliita kushindilia. Na kwa kuwa wataalamu wa karne ya 18 walipokusanya nguvu ya umeme katika chupa waliona kana kwamba wanashindilia bunduki, neno hilo likahamia kwenye umeme. Maana ya kushambulia vitani nayo imetokana na silaha iliyokwisha kuwekwa tayari. Maana zote hizi ni matawi ya mti mmoja, na mti huo ni mzigo.

Mtafsiri asiyejua mpango huo hupata taabu. Akikutana na neno hili katika hukumu ya mahakama, katika ankara ya umeme na katika habari ya vita, atahitaji shtaki, toza na shambulia, na hakuna neno moja la Kiswahili litakalomtosheleza. Wengine husema kwamba huo ni umaskini wa lugha yetu. Sikubali. Kiswahili nacho kimepita njia hiyo hiyo kwa miguu yake. Twasema kumtwika mtu mzigo kichwani, na twasema kumtwika mtu jukumu, na twasema kumtwika kosa asilolitenda. Twasema kubeba gunia, na kubeba lawama. Shina la Kiarabu ambalo limetupa hamali, yaani mchukuzi wa mizigo, limetupa pia himili na stahimili. Na katika Kiarabu chenyewe shina hilo hufika hata kwenye maana ya kushambulia, sawasawa na "charge". Mataifa matatu, bila kushauriana, yameuona mzigo ukiwa wajibu, ukiwa lawama, na mawili kati yao yameuona hata ukiwa shambulio. Basi tofauti haiko katika utajiri wa fikira. Kiingereza kimeyaacha matawi yote chini ya jina moja, nasi tumeyapa majina mbalimbali.

Tena katika jambo la kubeba lenyewe, Kiswahili hutofautisha kwa makini kuliko "carry". Mama humweleka mtoto. Mchukuzi hujitwika mzigo kichwani, akifika hutua. Kupagaa ni kubeba begani, na kutokana nako tuna mpagazi. Na pepo akimpanda mtu twasema amempagaa, kana kwamba mtu huyo ndiye amekuwa mpagazi wa pepo. Kuchukua ni kubeba, lakini nguo nayo humchukua mtu ikimkaa vizuri, na watu wanaovumiliana huchukuliana. Lugha yenye vitenzi vingi namna hii haikuhitaji kuazima neno la kubeba. Hapo ndipo swali la makala haya linapozaliwa: kama hatukuwa na haja ya neno, kwa nini jamaa ya "carry" imeingia kwetu mara zote hizo?

Jibu ni kwamba hatukuazima tendo la kubeba. Tuliazima vitu, na kila kitu kilikuja na jina lake. Keria ni chuma kilichofungwa nyuma ya baiskeli, au juu ya paa la basi. Kilikuja pamoja na chombo chenyewe, kama breki na pampu. Chaji ilikuja na betri, na simu za mkononi zikaifikisha kila kijiji. Wafanyabiashara wa Kariakoo waagizao bidhaa kutoka China husema kago, na neno hilo lilikuja na karatasi za meli na za ndege. Kila moja lilipita mlango wa kazi yake, kwa mafundi wake, kwa wakati wake. Kuandika "Kiingereza" mbele ya yote matatu ni kweli, lakini ni kweli isiyofundisha kitu, kama kusema kwamba watu watatu wote walikuja Dar es Salaam kutoka bara.

Tazama pia jinsi sarufi ilivyoyapokea. Chaji limekuwa jina na kitenzi pia: chaji imekwisha, na nenda ukachaji. Kitenzi kimebaki na irabu "i" mwishoni, kama vitenzi vya Kiarabu tulivyovizoea, mfano sali na fikiri, na kama hivyo chaongezewa viambishi bila shida: huchajiwa, huchajisha. Msemaji hakuunda kanuni mpya kwa ajili ya mgeni huyu. Alimketisha katika kiti ambacho wageni wa zamani walikwisha kukizoea. Vilevile msemaji wa mitaani husema amechajiwa shilingi elfu kumi, akiwa amelipokea tawi la malipo, lakini hatamki kamwe kwamba askari wamemchaji mwizi mahakamani, maana shtaki limekaa imara hapo na halina mpango wa kuondoka. Azima hufuata pengo, wala haifuati kamusi ya Kiingereza.

Hapa sina budi kutoa onyo kwa wapenzi wa asili za maneno, ambao bidii yao mara nyingi hupita uangalifu wao. Mtu akiona gari na "car", na akisikia habari ya "carrus", atasema mara moja kwamba gari nalo ni la jamaa hiyo. Siyo. Gari letu limetoka India, ambako Wahindi na Wagujarati wana neno lao la gari lenye nasaba yake mbali kabisa na Wagalia. Kufanana ni bahati tu. Vivyo hivyo kago. Kiswahili cha zamani kina neno kago kutoka kitenzi kukaga, yaani kuweka dawa ya kinga katika shamba au nyumba. Kago ya mganga na kago ya mwenye duka zimekutana katika sura moja bila undugu wowote. Na kinyume chake ni kweli: keria na chaji hazifanani hata kidogo, nazo ni ndugu wa tumbo moja. Masikio hayatoshi kuamua nasaba ya maneno, yatakiwa historia.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Kariakoo ni "Carrier Corps", jeshi la wapagazi lililoundwa na Waingereza katika Afrika Mashariki baada ya vita kuanza mwaka 1914, chini ya uongozi wa Oscar Watkins. Vita vile vilipiganwa katika nchi ambayo mbung'o waliua farasi na ng'ombe, na ambayo njia za magari zilikuwa chache. Kwa hiyo chakula, risasi na majeruhi vilibebwa na watu. Wengi hawakwenda kwa hiari. Katika himaya ya Waingereza ya Kenya ilitungwa sheria mwaka 1915 ya kuwalazimisha, na mwaka 1917 watu walikusanywa kwa wingi zaidi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba mwaka 1916, kambi ya wapagazi ilikaa mahali ambapo baadaye palikuwa soko, na jina la kambi likawa jina la mtaa. Nairobi nayo ina Kariokor, iliyoandikwa kwa kufuata herufi za Kiingereza, na Unguja kuna Kariakoo pia. Jina moja limeachwa katika miji mitatu kama alama ya miguu ya watu wale wale.

Kwa mtaalamu wa lugha neno hili lina mafunzo matatu. La kwanza ni la sauti. Neno "carrier" limeingia kwetu mara mbili: mara moja likawa "karia", katika Kariakoo, na mara nyingine likawa keria. Kwa kawaida irabu hiyo fupi ya Kiingereza hutufikia kama "e": ndivyo tulivyopata benki, begi, keshi na betri. Keria imefuata kanuni, na Kariakoo imeivunja. Nadhani sababu ni kwamba keria ilipokewa na mafundi waliolisikia neno kwa Mwingereza, na Kariakoo ilipita kwanza katika midomo ya watu wa makabila mengi waliokusanywa kambini, na huenda pia kupitia maandishi ambamo herufi ni "a". Hayo ni maoni yangu, na yeyote mwenye ushahidi mwingine autoe. Lakini kamusi isiyosema zaidi ya "Kiingereza" haiwezi hata kuliona swali hilo.

La pili ni la silabi ya mwisho. Mwingereza haandiki kama atamkavyo: herufi mbili za mwisho za "corps" hazisikiki, na irabu huvutwa. Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo ili mkazo ubaki pale Mwingereza alipovuta, irabu ilibidi iandikwe mara mbili. Ndivyo "store" ilivyokuwa stoo. "Koo" ya Kariakoo, basi, haihusiani na koo la kumezea chakula, wala na koo za watu kwa maana ya wingi wa ukoo, ingawa nimepata kusikia maelezo ya namna hiyo yakitolewa kwa uhakika mkubwa.

La tatu ni la maana, na ndilo zito. "Corps" ni Kilatini "corpus", mwili, kwa njia ya Kifaransa. Kiingereza kimeligawa neno hilo katika sura mbili ambazo zamani zilikuwa moja: "corps", kikosi cha watu, yaani watu wengi wafanyao mwili mmoja, na "corpse", maiti. Aliyekiita kikosi kile kwa jina lile hakukusudia maana ya pili. Hata hivyo mtu ajuaye hesabu ya waliokufa hawezi kulisoma jina la Kariakoo bila kukumbuka kwamba sura hizo mbili zilitenganishwa na mazoea ya kuandika tu.

Baadhi ya wasomaji watanijibu kwamba kamusi si kitabu cha historia, kwamba majina ya mahali kwa desturi hayaingizwi, na kwamba kurasa zina gharama. Hoja hizi ni za haki na sitaki kuzipuuza. Frederick Johnson alipotoa kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1939, mara nyingi alijitahidi kutaja neno lenyewe la Kiarabu lililozaa neno letu, na kazi hiyo bado ina faida. Lakini Kiarabu kilikuwa kimekwisha kuheshimiwa kama lugha yenye vitabu na wanazuoni. Maneno ya Kiingereza yaliyokuja kwa kuli, dereva, fundi wa baiskeli na mpagazi hayakupewa heshima hiyo, kana kwamba neno lililoingia kwa mlango wa nyuma halina nasaba. Sisi tuliokuja nyuma tumeirithi tabia hiyo bila kuichunguza. Foleni, kwa mfano, hutamkwa kila siku na maelfu waliokwama barabarani, nalo limetoka katika amri ya kijeshi ya kuwapanga askari mstari. Ni ndugu wa Kariakoo kwa kambi, ingawa si kwa shina. Neno kama hilo likiandikiwa "Kiingereza" na basi, tumepoteza ushahidi wa namna Waafrika walivyokutana na dola ile: katika gwaride, chini ya mzigo, na siyo katika vitabu.

Nisilolitaka ni kamusi iliyojaa hadithi. Natosheka na mambo matatu katika kila neno lililoazimwa: neno la asili, maana yake mahususi iliyoazimwa, na njia iliyopitia, pale inapojulikana. Kwa mfano: Keria, chuma cha kuwekea mizigo kwenye baiskeli au juu ya gari, kutoka Kiingereza "carrier" kwa maana ya kifaa, kupitia mafundi wa baiskeli. Tena: Kariakoo, jina la mtaa na soko, kutoka Kiingereza "Carrier Corps", ambamo neno la kwanza lina maana ya mtu abebaye, kupitia kambi za wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Mistari hiyo haizidi ukubwa wa maelezo ya neno lolote la kawaida, nayo yamwonyesha msomaji kwamba neno moja liliingia mara mbili, mara moja likiwa mtu na mara moja likiwa chuma.

Tofauti hiyo si ndogo. Katika mtaa mmoja wa mji, katikati ya Dar es Salaam, limesimama sanamu la askari lililozinduliwa mwaka 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi pamoja na askari. Lakini sanamu lenyewe ni la askari aliyeshika bunduki. Mpagazi ametajwa tu, hakuchongwa. Soko la Kariakoo lilipata jengo jipya lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, likaungua mwezi Julai mwaka 2021, na katika hali zote hizo jina halikubadilika. Kwa mpagazi jina hilo ndilo sanamu. Kila siku watu hupita hapo wakijitwika mizigo, wakisukuma mikokoteni, chombo ambacho jina lake tulilitunga wenyewe kutokana na kukokota, na wakipakia kirikuu, gari dogo ambalo mara nyingi limeandikwa "Carry" kwa herufi kubwa nyuma yake, ingawa watu wa mji hawakulisoma neno hilo kuwa jina bali walilipa gari jina lao. Wanalitamka jina la wapagazi wa zamani huku wakiifanya kazi yao, wala hakuna kitabu cha maneno kitakachowaambia hivyo. Kuwaambia ni kazi yetu sisi watengenezaji wa kamusi, na hatujaifanya.